Kubadili fremu ya plastiki kuwa ya kaboni kwenye helikopta ya rimoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifuata kila ninapofungua begi uwanjani, nami nimechoka kuyajibu kwa mdomo huku betri inapoa. Mfano ninaoutumia ni T-Rex 450 ya Align, kampuni ya Taiwan, pamoja na nakala zake za bei nafuu, kwa kuwa ndizo nilizozizoea. Ina mapanga ya rota ya milimita 325, shafti kuu ya milimita 5, gia kubwa ya meno 150 na betri ya seli tatu. Toleo la 450X lilikuja na fremu ya plastiki, kisha SE ikaja na ya kaboni, yaani sahani za nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Kama yako ni modeli nyingine, vipimo vitabadilika lakini kazi ni ile ile.

Nikiweka fremu ya kaboni, helikopta itaruka vizuri zaidi?

Kwanza niambie inaruka vibaya kwa nini. Kama shafti imepinda, au panga moja ni zito kuliko jenzake, kaboni haitakusaidia kitu. Tena itakuumbua, maana plastiki humeza mtetemo ambao kaboni huupitisha wote hadi kwenye jairo, kile kifaa kinachohisi mzunguko na kuutuliza mkia.

Unachonunua ni ugumu. Fanya jaribio hili kwenye fremu ya plastiki: betri ikiwa imechomolewa, shika mota kwa kidole gumba na cha shahada, kisha isukume kutoka upande wa gia. Tazama meno ya pinyoni, ile gia ndogo ya mota, yanavyoachana na gia kubwa halafu yanarudi. Hicho ndicho kinachotokea hewani unapopandisha ghafla: mota inajikunja pembeni, meno yanashikana kwa ncha tu, na siku moja unasikia mlio kama wa kuchana kitambaa. Gia kubwa imenyolewa. Kwenye kaboni mota haiendi popote.

Kwa anayejifunza kuelea mahali pamoja na kutua, plastiki inatosha kabisa. Ningekushauri hiyo hela uiweke kwenye mapanga ya akiba na gia kubwa tatu.

Si itakuwa nyepesi zaidi?

Mara nyingi hapana. Sahani zenyewe ni nyepesi kwa ugumu zilionao: kaboni iliyofumwa inaikaribia alumini kwa ugumu, na uzito wake kwa ujazo uleule ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa alumini. Lakini fremu ya plastiki imeumbwa kwa vipande vichache vikubwa. Ile ya kaboni ni sahani mbapa, na sahani mbapa haisimami bila nguzo za alumini, vishikio vya beringi vya chuma na skrubu kibao. Pima vyote pamoja kwenye mizani ya jikoni kabla hujaanza kumsimulia mtu habari za wepesi.

Ikianguka, haitavunjika?

Huenda fremu isivunjike. Ila nguvu ya kuanguka lazima ipate pa kutokea. Plastiki hujikunja, hupasuka kwenye tundu la skrubu, na kwa kupasuka kwake inaokoa vingine. Kaboni ikigoma, nguvu ile inakwenda kwenye shafti kuu, kwenye kile kishafti chembamba cha kichwa kinachoshika mapanga, kwenye gia kubwa na kwenye bomba la mkia. Kwa hiyo baada ya kubadili fremu, mkoba wako wa vipuri nao unabadilika: fremu za akiba zinapungua, shafti zinaongezeka.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulipuuza. Plastiki ikivunjika unaiona. Kaboni inaweza kuachana tabaka kwa ndani huku kwa nje inang'aa. Baada ya kila anguko, pitisha kucha kwenye kingo za sahani, hasa kuzunguka matundu ya beringi na mahali bomba la mkia linapobanwa. Kucha ikinasa, angalia kwa tochi. Kisha gonga sahani kwa sarafu: nzima inatoa mlio mkavu, iliyoachana tabaka inatoa mlio mfu, kama kugonga kadibodi. Sahani ya namna hiyo usiigandishe kwa gundi ukarusha. Badilisha. Ncha ya panga ikizunguka mara 2,800 kwa dakika inakwenda karibu kilomita 370 kwa saa, na kitu pekee kinachoshikilia hayo yote mahali pake ni zile sahani mbili.

Nitajuaje kama niliyouziwa ni kaboni kweli?

Kuna sahani za nyuzi za kioo zilizopakwa rangi nyeusi au kubandikwa karatasi yenye picha ya ufumaji wa kaboni. Na kuna zile zenye tabaka moja la kaboni juu na chini, katikati ni kioo kitupu.

Chukua multimita, weka kwenye kupima ukinzani. Usiweke ncha za waya juu ya sahani, maana uso wake umefunikwa na gundi ngumu isiyopitisha umeme. Kwaruza kidogo ukingo kwa msasa mahali pawili, gusa hapo. Kaboni inapitisha umeme, kioo hakipitishi. Baadaye tazama ule ukingo uliokwaruza: kaboni ni nyeusi mwanzo hadi mwisho, kioo kinaonekana kijivu, njano au kijani hafifu katikati.

Sahani za kioo si haramu. Zina uzito zaidi na zinakunjika zaidi, lakini hazizuii mawimbi ya risiva, kile kifaa kinachopokea amri za rimoti. Kosa ni kuziuza kwa jina lisilo lao.

Fremu yoyote ya 450 itaingia kwenye 450 yangu?

Hapana. SE na Pro zote zinaitwa 450 lakini mpangilio wa sevo (vile vimota vidogo vya kuelekeza mapanga), betri na mota ni tofauti. Nakala za bei nafuu nyingi zimefuata ramani ya SE, na hapo vipuri vinaingiliana vizuri, ingawa utakuta tundu moja au mawili yamekaa kando kwa unene wa kucha. Kabla ya kulipa, linganisha picha ya sahani ya upande na helikopta yako, tundu kwa tundu: kishikio cha beringi ya juu, cha chini, madirisha ya sevo, mahali pa mota. Sevo zikiwa zimekaa wima kwenye yako na picha inaonyesha zimelala, acha.

Vifaa gani nivitafute kabla sijafungua hata skrubu moja?

Alenki (funguo za pembe sita) nzuri za milimita 1.5 na 2.0, basi. Skrubu za M2, yaani za unene wa milimita 2, zinachukua ya 1.5, za M2.5 zinachukua ya 2.0. Nasema nzuri kwa sababu zile za seti ya buku mbili zinakula kichwa cha skrubu siku ya kwanza, halafu unashinda siku nzima ukihangaika kuitoa kwa kuchoma ncha ya pasi ya kuchomelea. Ongeza msasa wa maji namba 400 na 600, supaglu nyepesi ya maji, gundi ya kuzuia skrubu isilegee ya rangi ya bluu, kipande cha kioo cha dirisha, na simu ya kupigia picha kila hatua unapofungua.

Usinunue gundi nyekundu. Hiyo inataka moto kuitoa.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kupiga msasa kingo?

Kwa sababu sahani hukatwa na mashine, na ukingo unaobaki ni kama wembe. Waya ya sevo ikipita hapo huku mota inatetemeka, ganda lake linaliwa taratibu. Kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo waya ikichubuka kwenye ukingo haikai kimya: inapiga shoti kwa kupitia fremu.

Fanya hivi. Jaza beseni maji, tia tone la sabuni. Zamisha sahani, piga msasa wa 400 kwenye kingo zote za nje na za madirisha ya ndani, ukiuzungusha msasa kidogo ili ukingo uwe duara badala ya pembe. Malizia na 600. Suuza, kausha, kisha pitisha supaglu nyepesi kwenye ukingo na uifute hapo hapo kwa pamba ya masikio. Gundi inanyweka ndani ya nyuzi na kuziba tabaka zisiachane. Usiingize gundi kwenye matundu ya beringi.

Maji si ya urembo. Vumbi la kaboni likienda hewani linaingia kwenye mapafu, linawasha ngozi, na linapenya kwenye saketi. Mara ya kwanza nilijifanya mjuaji, nikapiga msasa mkavu kwenye meza ileile ambayo risiva ilikuwa imelala wazi. Jioni yake nikaunganisha betri, sevo moja ikaanza kucheza yenyewe kama mtu mwenye homa. Niliisafisha risiva kwa brashi na spiriti mara tatu na bado sikuiamini tena, nikaigeuza ya kwenye gari la kuchezea. Vaa barakoa na glavu hata ukitumia maji, na yale maji meusi usiyamwage uani wanapocheza watoto: yaache yatuame, kisha lile tope lifunge kwenye mfuko.

Nianze kuunganisha wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaharakisha.

Laza sahani ya upande mmoja mezani. Funga vishikio vya beringi, nguzo, trei ya betri na kishikio cha mkia, lakini skrubu zote ziwe zimeshika tu, zisikazwe. Weka sahani ya pili juu, shika skrubu zake vilevile. Fremu itakuwa inacheza mkononi kama kiberiti kilicholowa. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa ingiza shafti kuu mpya, iliyonyooka, kupitia beringi ya juu hadi ya chini. Shafti ndiyo rula yako. Simamisha fremu juu ya kioo cha dirisha ili sehemu ya chini ikae bapa, kisha anza kukaza skrubu za vishikio vya beringi kidogo kidogo, moja ya kulia juu, moja ya kushoto chini, kwa mtindo wa kukaza nati za tairi. Kila baada ya robo duara, inua shafti na uiachie. Inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake. Ikianza kukwama, umekaza kitu kikavuta beringi upande. Legeza, tikisa, rudia. Shafti ikishuka yenyewe huku skrubu zote zimekazwa, umemaliza nusu ya kazi, na hiyo ndiyo nusu inayofanya fremu ya kaboni iwe na maana. Fremu ghali iliyokazwa ikiwa imepinda ni mbovu kuliko plastiki, kwa sababu plastiki ingejirekebisha yenyewe.

Baada ya hapo ndipo gundi ya bluu inaingia. Toa skrubu moja, weka tone dogo kwenye skrubu inayoingia kwenye chuma, rudisha, kaza, nenda kwenye inayofuata. Usizitoe zote kwa mpigo. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki hazihitaji gundi hiyo, na kuna plastiki zinazopasuka zikiguswa nayo. Na usikaze kwa hasira: skrubu ya M2 ikikatikia ndani ya nguzo ya alumini, umepoteza nguzo.

Nafasi kati ya pinyoni na gia kubwa niipimeje?

Kwa karatasi ya daftari. Kata utepe, uingize katikati ya pinyoni na gia, sukuma mota hadi ibane, kaza mota, kisha zungusha gia kwa mkono utepe utoke. Uangalie kwenye mwanga. Ukitoka na mikunjo safi kama marinda ya sketi, hapo hapo. Ukitoka umechanika, umebana mno. Mikunjo ikiwa hafifu upande mmoja wa gia na mizito upande mwingine, gia kubwa haikukaa duara au shafti imepinda. Pima mahali panne kuzunguka gia, na uchague nafasi kwa kufuata pale palipobana zaidi.

Kwa nini risiva inapoteza mawasiliano baada ya kubadili fremu?

Antena umeificha ndani ya kaboni. Mawimbi ya GHz 2.4 hayapiti kwenye kaboni, yanazuiwa kama na bati. Sehemu ya antena inayopokea ni ile ncha ya mwisho iliyovuliwa ganda la nje, takriban milimita 31. Hiyo lazima itoke nje ya fremu. Kama risiva ina antena mbili, zikae kama pembe ya mraba, moja wima na moja imelala, ili helikopta ikigeuka upande wowote angalau moja isikie. Mimi hutumia kipande cha mrija wa soda kama ala ya antena, nakibana kwenye miguu ya kutua. Kisha fanya jaribio la umbali ambalo rimoti nyingi zinalo, helikopta ikiwa chini na mota imechomolewa, rafiki akiizungusha pande zote.

Jairo nirekebishe tena?

Ndiyo. Fremu imekuwa ngumu, kwa hiyo mpangilio wa zamani si wako tena. Badilisha tepu ya pande mbili iliyo chini ya jairo, hakikisha hakuna waya inayoivuta, kisha anza na usikivu wa chini. Pandisha kidogo kidogo hadi mkia uanze kutikisika haraka kama wa mbuzi, halafu rudi nyuma hatua mbili.

Angalia pia mizani. Ning'iniza helikopta kwa kichwa cha rota, betri ikiwa ndani, bomba la mkia lilale sambamba na ardhi. Kama pua inainama, rudisha betri nyuma.

Naishi pwani. Kuna la kuzingatia?

Lipo, na maelekezo ya kiwandani hayalisemi. Kaboni na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa. Kaboni yenyewe haidhuriki. Ukirusha karibu na bahari, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, baada ya miezi utaona unga mweupe kuzunguka skrubu na kwenye miguu ya nguzo. Futa fremu kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi kila unaporudi, kausha, na ihifadhi ndani ya boksi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ile supaglu ya kwenye kingo nayo inasaidia hapa.

Bara ukame unaleta tatizo la kinyume. Mkanda unaozungusha rota ya mkia unaposuguana kwenye hewa kavu unatengeneza umeme tuli, nao ukiruka kwenda kwenye elektroniki, sevo zinashtuka. Dawa ni waya mwembamba kutoka bomba la mkia hadi kwenye ganda la mota, ili vyote viwe na chaji moja.

Naweza kumpa fundi anikatie sahani hapa hapa?

Kama ana mashine ya kompyuta ya kukatia, labda. Kwa msumeno na drili ya mkono, usijaribu. Tundu la beringi likikosea hata sehemu ya kumi ya milimita, shafti itasugua. Na kaboni inaua ncha za drili za kawaida upesi sana.

Helikopta ya mwanangu ya dukani, yenye rota mbili juu, niiwekee kaboni?

Hapana. Mnunulie betri ya pili, atafurahi zaidi.

Shangazi anakuja kutoka Dubai. Anaweza kunibebea fremu na betri?

Fremu haina shida, aiweke kwenye begi kubwa. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege, zinakaa na abiria. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100 kwa betri moja. Ya 450, volti 11.1 na mAh 2,200, ina kama 24, kwa hiyo iko ndani. Funika kila plagi kwa tepu, iwe na chaji ya kuhifadhia, volti 3.8 kwa seli, na umweleze shangazi ni kitu gani ili asiduwae akiulizwa. Aulize pia shirika lake la ndege, maana mengine yana masharti zaidi.

Na vibali?

Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga. Tanzania msimamizi ni TCAA, mamlaka ya aina hiyo hiyo. Uliza huko kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kukwama forodhani. Uwanjani, mimi hurusha alfajiri kabla mpira haujaanza. Watoto wakifika, ninatua. Hawakai mbali hata uwaombe vipi.

Fremu ya plastiki niitupe?

Usiitupe. Yangu nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango, ikiwa na skrubu zake kwenye kifuko cha karanga. Mara mbili nimeirudisha kazini nikisubiri sahani ya kulia ifike, na mara zote mbili niliruka taratibu kuliko kawaida, nikisikiliza gia.